Chaza Niliowatapisha

Jumatatu, 3 Machi

Leo chaza wamenifungia mlango usoni.

Nimeingia chumba cha matangi saa moja asubuhi, ndoo mkononi. Matangi kumi na mawili, kila moja na pampu yake inayokoroma kama mzee aliyeshiba. Chaza walikuwa wazi, midomo kidogo tu, wanakunywa maji yao. Kivuli changu kikapita juu ya tangi la kwanza — tk! Wakafunga. Sawa, hiyo ndiyo tabia yao, huogopa kivuli. Lakini tangi la mwisho kule pembeni, ambalo sijalikaribia, nalo likafunga. Na la katikati. Wote! Kisha kimya. Pampu tu.

Nikasema, "Marahaba!" Maana mdogo ndiye anayepaswa kuanza kusalimu. Hawana adabu.

Kazi yangu hapa maabara ni kuosha. Sio kuosha kwa sabuni ukaenda zako. Chupa zinalala ndani ya tindikali mchana na usiku, halafu nazisuuza mara tano kwa maji yasiyo na kitu. Bangili nimevua, pete nimevua. Chuma hakigusi chaza hapa, hata kisu cha kuwafungulia ni cha plastiki. Miwani anasema kisu cha chuma kinaongopa: kinaacha chembe zake, halafu mashine ya kupimia madini inadhani ni za chaza.

Miwani ndiye mtafiti wetu. Ana jina, tena refu, lakini miwani yake ndiyo hutangulia mlangoni. Umri wake sawa na kitinda mimba wangu. Nampenda, ila hali! Mchana biskuti mbili. Leo nimemwekea kiazi cha kuchemsha juu ya meza. Akalia, "Mama, karatasi zangu!" Nikamwambia karatasi hazina njaa.

Jumatano, 5 Machi

Miwani amefungua chaza wa tangi la saba mbele yangu. Ndani — kijani! Sio kijani cha majani. Kijani cha sarafu iliyosahaulika majini. Na mnene, anang'aa, moyo unapiga.

Nikauliza, huyu anaumwa? Akasema haumwi popote. Wiki sita amelishwa maji yenye shaba kidogo, naye ameikusanya mwilini mpaka imekuwa mara maelfu kuliko ile ya majini. Na yu mzima.

Anaishije basi? Akasema ndicho anachokitafuta. Ndani ya chaza kuna kitu kinachodaka sumu ikiingia, kinaing'ang'ania isiguse nyama yake. Halafu anaipakia kwenye vijichembe, vidogo kuliko vumbi, anaviweka kando. Kama mtu aliyemfungia mwizi chumbani, yeye akaendelea kupika.

Nikasema, na mwizi yumo humo humo nyumbani?

"Yumo, Mama."

Sikuipenda hiyo.

Halafu akaanza kulalamika. Chaza safi alioagiza kutoka mbali, wa kulinganishia, wamefika wamekufa ndani ya sanduku. Nikamwambia mwanangu, unalia njaa umekalia chungu! Mimi nafungua chaza tangu mama yako hajaota meno. Wangu ni safi, nawatapisha siku tatu kwenye maji safi watoe uchafu. Nitakuletea.

Akauliza ni wa wapi. Nikasema wa kwetu. Mchuma chaza hasemi mwamba wake. Mama yangu hakuusema hata kwa dada yake, aliniambia mimi sikioni, siku nilipovunja ungo. Miwani akacheka, akasema haya, wa kwenu.

Alhamisi, 6 Machi

Mke mwenzangu kaamka na hamu tena.

Ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu. Nimemlea, na yeye ndiye aliyenifundisha herufi, nikiwa na meno machache kuliko aliyokuwa nayo yeye nilipompokea. Tunaitana wake wenza. Mumewe, dereva wa gari la mikate, ni mume wetu. Mimi mke mkubwa, yeye mdogo. Sasa ana mimba ya miezi saba. Zahanati walisema damu yake ndogo. Damu ndogo! Nikawaambia niachieni mimi. Chaza huleta damu, kila mtu anajua. Tangu mwezi wa kwanza, mara tatu kwa wiki, bakuli zima.

Ameketi jikoni, tumbo limetangulia mezani. "Mke mkubwa, leo kuna chaza?"

"Mimba hiyo ni ya mtu au ya papa?"

Mume wetu akasema mtoto atazaliwa na gamba. Tulicheka mpaka nikashika mbavu. Uso wake unapendeza siku hizi, una rangi. Ni chaza wangu hao.

Jumamosi, 8 Machi

Bahari imekupwa asubuhi. Nimekwenda kwenye mwamba wangu. Basi naandika hapa, daftari halina masikio: sio mwamba. Ni nguzo tisa za zege chini ya karakana ya meli. Ndiko kwenye chaza wanene kuliko popote, na hakuna mwingine anayekwenda kwa sababu ya geti. Mlinzi wa geti ni wangu. Kila safari namwachia bakuli.

Juu mafundi walikuwa wanakwangua rangi kuukuu ya meli. Vumbi jekundu linaanguka taratibu, kama pilipili ya kusaga, linalala juu ya maji. Nikangoja litulie, nikashuka na nyundo.

Miaka hamsini nachuma hapa. Leo, sijui kwa nini, nikatazama pembeni mwa chaza. Hakuna kitu. Hakuna kaa. Hakuna konokono. Hakuna hata ule ukoga unaoteleza. Zege tupu — na chaza. Chaza juu ya chaza, wamepandana kama watu wanaokimbia mafuriko. Na kimya, kile kimya cha nyumba ambayo watu wamo ila hawafungui.

Nikachuma haraka haraka. Sijawahi kuchuma haraka pale.

Nikampa mlinzi bakuli lake, akasita. Akakwaruza kichwa. Akasema, bi mkubwa, usichukie, mwaka sasa nampa jirani. Nikila hawa mdomo unabaki na ladha ya ufunguo.

Nikamwambia ana meno mabovu. Lakini njiani nikajilamba. Ladha ya ufunguo! Mimi ninayo miaka mingi. Nilidhani ni uzee.

Jumanne, 11 Machi

Nimempelekea Miwani chaza ishirini na wanne. Nimewapiga brashi, nimewalaza kwenye beseni la maji ya bahari yaliyochujwa kwa kitambaa, nimebadilisha asubuhi na jioni. Siku ya kwanza walitapika tope. Ya pili, ukungu. Ya tatu maji meupe, naona mpaka nyufa za beseni. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na nyumbani kwangu hakuna aliyewahi kuharisha kwa chaza. Hakuna!

Nimeandika lebo kwa mkono wangu. SAFI. Ile F imelala kidogo, lakini inasomeka.

Ijumaa, 14 Machi

Miwani kanitazama vibaya leo. Sio vibaya — kama mtu anayetafuta namna ya kuanza.

"Mama, chupa za Jumanne ulizisuuza mara ngapi?"

"Tano."

"Una hakika?"

"Nimelea watoto sita, nimezika wawili. Unaniuliza kama najua kuhesabu mpaka tano?"

Akanishika mkono. Akasema mashine imetoa kitu ambacho hakiwezekani. Wale wenye lebo yangu ndio wachafu kuliko chaza wote wa jengo hili. Na sio kwa shaba tu. Kwa risasi, yale madini yanayotiwa ndani ya betri za magari. Lazima kuna chupa chafu mahali. Atarudia, na chupa ataosha yeye mwenyewe.

Ataosha yeye mwenyewe! Nikatoka bila kumpa kiazi. Nikafika getini, nikarudi, nikampa. Hasira ni yangu, njaa ni yake.

Jumatatu, 17 Machi

Amefunga mlango. Amezima redio. Akaniketisha kwenye kiti chake cha kuzunguka.

"Mama, chaza hawa ni wa wapi?"

Nikazungusha kiti, nikatazama mlango. Akangoja. Nikasema, "Nguzo za karakana." Miaka yote hiyo, na siri ya mama yangu imetoka kama chafya.

Akavua miwani. Sijawahi kuona macho yake. Madogo, yamechoka.

Ile rangi ya meli za zamani, akasema, ilichanganywa na risasi. Inaanguka majini, chaza wanaichuja siku nzima. Nikamwambia lakini nimewatapisha! Akasema kutapisha kunatoa tope na vijidudu vya tumboni. Hii haiko tumboni. Akaniwekea darubini, nikafumba jicho moja. Nyama ya chaza, imepakwa rangi ya zambarau. Ndani yake vidoa vyeusi. Vimekaa kimya kimya, makundi makundi, kama mbegu zinazongoja mvua.

"Wangetapishwa miezi mitatu, Mama, bado wangekuwa navyo."

Nikauliza, na binadamu? Naye ana chumba cha kumfungia mwizi?

Akasema mtu huiweka mifupani. Mwili unaidhania ni ile chokaa ya kujengea mifupa, unaipokea kama mgeni mwema. Inakaa humo miaka ishirini, thelathini. Nikasema basi si inakaa tu? Akafuta miwani yake kwa shati. Nikamwambia sema, mimi sio kioo, sivunjiki. Akasema hutoka mifupa inapobomolewa. Uzeeni. Ugonjwani. Na mwanamke akibeba mimba — mtoto anahitaji mifupa, anaichota kwa mama yake, anachota na iliyomo.

Nikacheka. Sijui kwa nini. Mdomo ulifunguka wenyewe.

Naye akaacha kusema, akanitazama mdomoni. Akasogea. Akaomba ruhusa, akanyanyua mdomo wangu wa juu kwa kidole chenye glavu. Akanipa kioo. Pale ufizi unapokutana na jino, mstari. Mwembamba. Bluu iliyokaribia kuwa nyeusi, kama aliyeuchora alikuwa na kalamu nzuri.

Akasema mstari peke yake sio hukumu. Lakini lazima nipimwe damu. Na yeyote anayekula nami aache leo, leo hii, naye apimwe. Kila siku ina maana, zaidi kwa mtoto. Akauliza, "Unakula na nani, Mama?"

Nikasema, "Naishi peke yangu."

Jumanne, 18 Machi

Uongo ule ulitoka kabla yangu.

Nimemwambia mke mwenzangu chaza hakuna, mlinzi amebadilishwa, mpya ni mkali kama siki. Akalia. Machozi kabisa, kwa ajili ya chaza! Akasema mdomo unawashwa, akifumba macho anawaona. Mume wetu akambembeleza, akanitazama kwa huruma. Mimi! Kwa huruma!

Nimekaa na beseni miguuni. Ndilo lile lile. Mama yangu aliniachia. Nilikula kutoka humu nikiwa na mimba ya binti yangu. Binti yangu alikula kutoka humu akiwa na mimba ya huyu. Sasa huyu. Kama inapita mfupa hadi mfupa, basi mimi sikumlisha bakuli za miezi saba tu. Nilianza kumlisha kabla hajawa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimewatupia wengine methali hiyo mara ngapi! Hata mkwe wangu nilimtupia siku ya mazishi ya binti yangu.

Nimelivunja beseni kwa nyundo. Mke mwenzangu akauliza kuna nini huko nyuma. Nikasema limeanguka.

Nitamwambia kesho.

Alhamisi, 20 Machi

Sikumwambia jana. Sikumwambia leo.

Kazini asubuhi nimeingia na ndoo. Chaza hawakufunga. Nikapitisha kivuli. Nikapitisha mkono juu ya maji kabisa. Wamebaki wazi, wanakunywa, kana kwamba aliyepita ni mwenzao. Matangi yote kumi na mawili. Mlango ukafunguka nyuma yangu, Miwani akaingia — tk! Wote kwa mpigo. Nikabaki nimesimama kama aliyeitwa jina na mtu asiyemjua.

Miwani kaniandikia Jumatatu kwenda hospitali kutoa damu. Anasema nisiogope, mtu wa umri wangu hupewa dawa, hufuatiliwa. Anazungumza nami polepole, mtoto mzuri. Ningemwambia pale pale. Nikaenda kusuuza chupa.

Nyumbani nimejaribu kumchekesha mke mwenzangu nione ufizi wake. Nikamwigiza mlinzi mpya ambaye hayupo, na mkanda wake, na kikohozi chake. Kacheka sana. Lakini siku hizi akicheka anaweka kiganja mdomoni. Tangu lini? Nikamwambia toa mkono, meno sio siri. Akasema, "Naona haya, Bibi, fizi zangu zimekuwa mbaya. Mimba hii."

Nikasema ndiyo, mimba huharibu fizi.

Mungu anisamehe. Nilisema ndiyo.

Jumamosi, 22 Machi

Nimerudi saa nane mchana. Nimeisikia harufu tangu kwenye ngazi.

Mke mwenzangu yuko mezani. Sahani. Magamba matupu yamepangwa pembeni vizuri, anavyopenda yeye, makubwa chini madogo juu. Mume wetu amesimama kama bwana harusi, kidole kimefungwa kitambaa.

"Mke mkubwa, usinune! Kale kamlinzi kako kakali sikukaona. Geti lenye mlinzi ufukweni ni la karakana tu, nikaenda mwenyewe Jumatano. Nimewatapisha siku tatu kamili, garini, ndani ya kreti ya mikate niliyoitandika plastiki, maji asubuhi na jioni. Kama ulivyonifunza!"

Kama nilivyomfunza.

Mke mwenzangu alikuwa na mmoja midomoni. Nikampiga mkono. Sijawahi kumpiga huyu mtoto, hata alipochoma pazia. Chaza akaruka ukutani, akateleza, akaacha njia ya maji.

Nikasema. Yote. Nguzo, rangi, vidoa vyeusi, mifupa. Nikanyanyua mdomo wangu kwa kidole, nikawaonyesha mstari. Mume wetu akakaa chini, sakafuni. Mke mwenzangu akakimbilia sinki, akatia vidole kooni. Nikamshika mabega, nikamwambia haitoki hivyo mwanangu, haitoki hivyo. Akatapika hata hivyo.

Akajifuta. Akauliza taratibu, "Umejua lini?"

"Jumatatu."

"Bibi. Leo Jumamosi."

Hakuniita mke mkubwa. Sikumwambia ni aibu. Aibu ni neno dogo mno kuzibeba siku tano. Ningekuwa nimesema Jumanne, mume wetu asingekwenda nguzoni Jumatano. Hilo analijua, hakulisema. Ningependa aliseme. Ningependa anitukane.

Nimempa mume wetu namba ya Miwani. Amempigia. Nilisikia sauti ya Miwani kwenye simu, sio ya polepole tena. Ameuliza miezi mingapi. Ameuliza mara mbili, kama alivyoniuliza kuhusu chupa. Kisha akasema tusingoje Jumatatu, twende sasa hivi hospitali kubwa, atatukuta mlangoni. Damu ya mama ipimwe leo, mtoto asikilizwe leo, bado kuna la kufanya. Amerudia hilo: bado kuna la kufanya. Hakuniulizia mimi.

Mume wetu ameshuka kushusha kreti za mikate garini ili apate pa kumlaza.

Mke mwenzangu ameingia chumbani na kioo changu cha mkono. Mlango ameuacha wazi. Mimi niko mezani, magamba haya mbele yangu, daftari juu ya goti. Naandika ili nisiende. Anayeandika ana kazi, hawezi kuitwa.

Ameniita.

Mtoto amecheza, anasema. Sasa hivi, teke zima. Nimemsikia akilisemesha tumbo, sikupata maneno.

Ameita tena. Amesogea dirishani kwenye mwanga, nasikia pazia. Anasema amenyanyua mdomo, anaona kitu na haoni kitu, pengine ni kivuli, pengine kioo ni kichafu.

Gari limewaka chini. Ananiita mara ya tatu sasa, na hana hasira, ndicho kinachonimaliza, hana hasira hata kidogo:

"Bibi, mimi sijui mstari huo unavyoonekana. Wewe ndiye unayeujua. Njoo."